Gugu la Fisi Bwawani Lelembo

Kisa hiki ni cha wanyama watupu. Ukijiona ndani yake, hiyo ni kati yako na kioo chako.

Mwaka wa tatu mvua iliponyima, mbuga ya Lelembo ilibaki na maji mahali pawili tu. Pa kwanza ni bwawa la wote, lililokuwa likipungua kila siku kwa upana wa kwato. Pa pili ni kisima cha Simba, kidogo, ndani ya mwamba, chenye chemchemi isiyokauka. Kisima hicho hakikuguswa na mdomo mwingine. Kila asubuhi Simba alikunywa humo, halafu akabaki ameinama muda mrefu akijitazama sharubu, upande huu, upande ule. Ndiyo maana ukame yeye alikuwa akiusoma kwenye ripoti.

Ripoti zilipozidi, Simba akatangaza nafasi ya kazi: anatakiwa Mtaalamu wa Maji.

Sungura alipoona tangazo lile moyo ulimruka. Alikuwa amesoma maji misimu mitatu kwa Kiboko, kule mto mkubwa, akajua tope, akajua mikondo, akajua kila kinachoota majini. Alimaliza wa kwanza darasani, akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo kazi yake ilikuwa kuamka, kusikiliza majirani wakiuliza "bado hujapata?" na kulala. Akajipiga mswaki masikio, akaenda kwenye usaili.

"Umri?" aliuliza Simba.

"Miaka miwili, mtukufu."

"Uzoefu?"

"Nimesoma misimu mitatu, na nimefanya mazoezi kwa..."

"Tangazo linasema uzoefu wa miaka kumi."

"Mtukufu, sungura haishi miaka kumi."

"Hilo ni tatizo la sungura," alisema Simba. "Next."

Next alikuwa Fisi. Fisi hakuwa ameomba kazi, aliitwa. Sifa zake zilijulikana: mfalme akishiba, yeye ndiye aliyekuwa akimaliza mifupa, na wakati wa kuimaliza alikuwa akiisifu. Akaulizwa swali moja tu, kama yuko tayari. Akasema alizaliwa tayari.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa safari ya mafunzo. Alikwenda ziwa la mbali kujifunza wenzetu wanafanyaje, akakaa huko mwezi mzima, akarudi na kitambi. Mdomoni alikuwa amebeba miche mitatu ya mmea ambao Lelembo haikuwahi kuuona: majani ya mviringo, manene, yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, vikonyo vimevimba hewa kama vibofu, na katikati, ua la zambarau lenye doa la njano, zuri hata Ngiri, asiyejali uzuri kwa sababu zinazoeleweka, alilitazama mara mbili.

Wanyama wakaitwa bwawani. Fisi akapanda juu ya kichuguu.

"Ndugu wadau," alianza, "nani anakunywa maji yetu?"

"Sisi," alisema Ngiri.

"Hapana. Ni jua. Sasa mmea huu unaelea. Ukitandaa juu ya bwawa, jua litakosa mlango. Maji yatakaa kivulini, yapoe, yatulie, yatungoje. Hii ndiyo inaitwa nature-based solution."

Hakuna aliyeelewa maneno yale ya mwisho, kwa hiyo wote wakapiga makofi.

Sungura akanyoosha mkono. "Mzee Fisi, hilo jani nalijua. Ni gugu maji. Linafyonza maji kwa mizizi na kuyapeperusha hewani kwa majani, mchana kutwa. Bwawa lenye gugu hukauka upesi kuliko bwawa lililo wazi. Na halitangoja umwambie liongezeke. Mche mmoja unatoa mwingine ubavuni, na huo wa pili unatoa wa tatu. Kwa wiki moja tu linakuwa mara mbili. Samaki watakosa pumzi, na..."

"Kijana," Fisi alimkatiza kwa upole wa kuudhi, "wewe una cheti. Mimi nina kazi. Kila mtu abaki na chake."

Walicheka mpaka kichuguu kikatikisika. Ngiri alicheka kuliko wote, na ndiye aliyekuwa akinywa maji mengi kuliko wote.

Sasa, Lelembo ilikuwa na mila moja ya zamani. Ardhi na maji havikuwa vya mtu. Lakini alichopanda mnyama kilikuwa chake peke yake. Alisimama mbele ya mashahidi akasema, "Nimepanda mimi, linaloota ni langu," na kuanzia hapo hakuna aliyeruhusiwa kulivunja wala kulikanyaga. Upande wa pili wa mila hiyo haukuwa ukitajwa sana, kwa sababu haukuwa na raha: mmea ukivuka ukaingia kwa mwingine, aliyepanda aliutoa mwenyewe, kwa meno yake, bila msaidizi.

Fisi akaingia majini mpaka magotini. Akaweka miche yake mitatu kwa adabu kama anayelaza watoto. "Nimepanda mimi," alisema. "Linaloota ni langu."

Mashahidi walikuwa mbuga nzima. Nao wakapiga makofi tena.

Mwanzoni ilikuwa furaha. Kona moja ya bwawa iligeuka bustani. Nyuki wakaja. Ngiri akawa anatembea na ua la zambarau kwenye pembe la jino, akiuliza watu kama wameona kitu kipya kwake. Kufika mwezi wa pili nusu ya bwawa ilikuwa kijani. Mwezi wa tatu ungeweza kudhani ni kiwanja. Chini ya zulia lile maji yaligeuka rangi ya chai iliyolala, samaki wakaelea tumbo juu, na ukingo ukarudi nyuma hatua tano wakati kwa kawaida ungerudi mbili. Sungura alipima kwa kijiti, akaandika ripoti, akaipeleka. Ripoti ikapokelewa kwa shukrani. Kilichofuata baada ya shukrani ni kimya.

Asubuhi moja Mama Kongoni alikwenda kunywa, akasukuma majani kwa pua ili ayafikie maji. Kikonyo kikakatika.

"Simama hapo hapo, mama," ilisema sauti. Fisi alikuwa ameketi ukingoni na ndugu zake wawili. "Umevunja jani langu."

"Nakunywa maji, Fisi. Maji si yako."

"Nani amesema maji ni yangu? Kunywa. Kunywa mpaka ushibe. Ila jani langu usiliguse."

"Nitakunywaje bila kuligusa?"

"Hilo," alisema Fisi, "tunaweza kulizungumza."

Shauri likafika kwa Simba. Mama Kongoni akaeleza kwamba Fisi alipanda miche mitatu tu, mbuga nzima iliona, na hii mingine maelfu ilijizalia yenyewe.

"Mtukufu," Fisi alijibu, "ng'ombe wako akizaa, ndama ni wa nani? Mmea na wazao wake ni kitu kimoja. Ukiwa na mama, una mtoto, una mjukuu, hata ukihesabu mpaka uchoke. Ndivyo mila isemavyo. Au mila imebadilika bila mfalme kuarifiwa?"

Simba alipenda sana kuarifiwa. "Mmea na wazao wake ni kitu kimoja," alisema. "Nimekata." Kisha akaenda kisimani kwake kunywa, maana hukumu hukausha koo.

Basi Fisi akaweka utaratibu. Kila kundi litakalotaka kufungua majani litampa mnyama mmoja dhaifu: mzee, mgonjwa, asiyeweza kukimbia. Aliuita mchango wa uhifadhi. "Hata hivyo walikuwa wanaondoka," alisema, akifuta mdomo. "Mimi nawasaidia na usafiri." Punda milia walimtoa bibi mmoja aliyeng'oka meno. Pofu walimtoa kipofu wao. Walikunywa na hawakutazamana.

Zamu ikafika kwa kongoni. Kundi lao halikuwa na mzee wala mgonjwa. Lilikuwa na ndama mmoja tu aliyezaliwa na mguu uliopinda, naye alikuwa binti wa Mama Kongoni.

"Mwezi ukiandama," Fisi alimwambia, "nitamfuata mwenyewe. Usijisumbue kumleta, barabara mbaya."

Mama Kongoni hakwenda kwa Simba tena. Alikwenda kwa Sungura, akamkuta amelala mchana kweupe, ametazama juu.

"Mwanangu, wewe si ulisoma?"

"Nilisoma, mama."

"Unajua kila kitu cha jani lile?"

"Nalijua kuliko linavyojijua."

"Basi kusoma huko kutufae hata siku moja. Mwezi una siku ishirini kabla haujaandama. Kundi likimnyima Fisi, litakufa kwa kiu. Nikimpa, nitakufa mimi. Mtoto wangu hawezi kutembea hadi kule mto mkubwa, wala kukimbia. Anachoweza ni kunitazama tu."

Sungura aliketi. Alifikiri kidogo, akauliza, "Mama, kisima cha Simba kina upana gani?"

"Ngozi mbili za nyati, labda tatu. Kwa nini?"

"Naenda kumsifu mfalme," alisema Sungura. "Nilikuwa sijajaribu, na naona wenzangu wamefika mbali."

Alimkuta Simba kisimani, akijitazama sharubu kama kawaida.

"Mtukufu, sikuja kuomba kazi."

"Vizuri. Haipo."

"Nimekuja kwa aibu tu. Ngiri anatembea na ua la zambarau usoni. Ngiri. Bwawa la kila mtu lina maua, hata chura analala chini ya ua. Halafu kisima cha mfalme, kioo cha mfalme, kipo tupu kama dimbwi la barabarani. Wageni wanauliza. Mimi nimechoka kuwajibu."

Simba aliinua kichwa taratibu. "Wageni gani?"

"Wa nje, mtukufu. Wale wenye adabu."

Mate yalikuwa hayajakauka mdomoni mwa Sungura, Fisi akaitwa.

Fisi aliposikia mfalme anataka gugu kisimani kwake, ilimbidi aume ulimi asicheke. Alijiona tayari ameketi ukingoni mwa kisima, Simba amesimama mbele yake na kiu, naye akimwambia, tunaweza kulizungumza. Swala, pofu na kongoni walikuwa vitafunwa tu. Sehemu ya kila windo la mfalme, maisha yake yote, hicho ndicho kilikuwa chakula.

"Nitapanda kwa mkono wangu, mtukufu. Heshima hiyo simwachii mtu."

"Miche miwili mitatu itatosha," alisema Simba.

"Kwa mfalme? Mitatu?" Fisi alionekana kuumia. Akabeba matita manane, yale manene kabisa yenye maua, akayamwaga yote kisimani. Sungura alikuwa ameshawaita mashahidi.

"Nimepanda mimi," alisema Fisi, kwa sauti kubwa kuliko ile ya bwawani. "Linaloota ni langu."

Siku tatu za kwanza Simba alifurahi. Siku ya sita alilalamika kwamba haoni sharubu ya kushoto. Siku ya kumi hakuona uso kabisa, maji yalinuka, na alipoinama kunywa jani likamwingia puani. Siku ya kumi na mbili alikunguruma mpaka tai wakahama mwamba.

Mbuga nzima ikaja. Fisi naye akaja, akijilamba. Aliketi ukingoni kama alivyojizoeza.

"Fisi," alisema Simba, "siwezi kunywa."

"Kunywa, mtukufu. Maji ni yako. Ila majani..." Fisi alikohoa. "Kuna mila. Tunaweza kulizungumza."

Wanyama walitazama chini. Simba alichomoa kucha, na kucha za Simba si kitu cha kukaa nacho karibu.

"Ni kweli kuna mila," Sungura alisema kutoka nyuma. "Mmea ukiingia kwa mwingine, aliyepanda anautoa mwenyewe. Kwa meno yake, bila msaidizi. Na kisima hiki si cha wote kama bwawa. Ni nyumbani kwa mfalme."

Simba alikuwa ameisahau mila hiyo. Alifurahi kuarifiwa. "Utaling'oa lote," alimwambia Fisi. "Nakupa mpaka kesho jua likizama. Likibaki jani moja, tutalizungumza mimi na wewe, kwenye chakula cha jioni."

Fisi akaingia kazini. Meno yake yaliumbwa kwa mifupa. Vikonyo vile vilikuwa laini, vya utelezi, vimejaa hewa. Aliuma, vikateleza. Alivuta, vikakatika, na kila kipande kilichokatika kikaelea pembeni kikiwa salama salimini. Ndugu zake wawili waliahidi kuja kumtia moyo. Walikumbuka wana shughuli. Kesho yake mchana alikuwa amelowa mpaka masikio, kisima kiko vilevile, na kivuli cha mwamba kinarefuka.

"We msomi," alihema, akimgeukia Sungura. "Mila haina mlango wa nyuma?"

"Inao. Aliyepanda anaweza kuuachia mmea. Unatema mate, unasema mbele ya mashahidi, 'Liwe la porini.' Hapo si lako tena, na yeyote anaweza kuling'oa."

Fisi alitema mate kabla sentensi haijaisha. "Liwe la porini, hili la kisimani."

"La kisimani peke yake?" Sungura alikunja uso kama mwalimu aliyepewa jibu nusu. "Samahani, mzee. Haya ni watoto wa yale ya bwawani. Wewe mwenyewe ulimweleza mfalme kwamba mmea na wazao wake ni kitu kimoja, mfalme akakata hukumu. Au siku ile ulimdanganya mfalme?"

Simba aligeuza kichwa, akamtazama Fisi shingoni.

Fisi alitazama jua. Alitazama mdomo wa Simba. Alifikiria bwawa lake zuri, kundi la kongoni, na ule mguu laini uliopinda aliokuwa ameshauonja akilini.

"Lote," alisema, na sauti haikutoka vizuri.

"Mashahidi wa nyuma hawajasikia," alisema Ngiri.

"Lote. La kisimani na la bwawani. Liwe la porini."

Hakuna aliyebaki kusikiliza hotuba ya kufunga. Mama Kongoni ndiye aliyefika bwawani kwanza. Hakusukuma majani kwa pua safari hii. Aliyaingia kwa kifua, akakanyaga, akavunja, akararua, mpaka duara la maji likafunguka. Kisha akarudi pembeni, akamsukuma binti yake kwa kichwa, taratibu, mpaka kwato tatu nzima na moja iliyopinda zikasimama kwenye tope. Ndama alikunywa. Alikunywa kwa muda mrefu, akipumua kwa kelele, na mama yake alisimama juu yake akiwatazama ndugu wawili wa Fisi kule mbali, mmoja mmoja, mpaka wakaona afadhali waondoke.

Siku tisa zilizofuata Lelembo nzima iling'oa gugu. Walisafisha kisima cha mfalme kwanza, maana mfalme ni mfalme hata akikosea, kisha bwawa. Walirundika malundo ukingoni, marefu kama vichuguu. Mvua zilipokuja, Sungura akawaonyesha alichojifunza kwa Kiboko. Majani yaliyokauka yakawa kitanda cha Ngiri. Mnana walichukua nyuzi za vikonyo wakafuma viota visivyopasuka. Malundo yaliyooza yalifanya udongo mweusi, na juu yake nyasi zilitoka nene hivi kwamba pofu waligombana kwa adabu nani aanze. Kumbe jani lile halikuwa na ubaya wowote nje ya maji. Tatizo lilikuwa mtaalamu.

Fisi, aliyekonda sasa, alitazama yote hayo kutoka kichakani. Aliwaona swala wakinenepa juu ya malundo yake. Ikamkera. Akaenda kwa Simba siku ya baraza.

"Mtukufu, malundo yale ni mmea wangu. Niliuachia kwa hofu. Nataka haki yangu."

"Unataka liwe lako tena?" aliuliza Simba.

"Lote. Na kila kinachotokana nalo."

"Mashahidi hawa hapa."

Fisi akajinyoosha, akasema kwa sauti ya zamani, "Nimepanda mimi. Linaloota ni langu."

"Limeandikwa," alisema Sungura. "Malundo hayaoti, mzee. Yalikwisha kufa, yameoza. Hayo yanayoota juu yake ni nyasi za mvua. Lakini kisima cha mfalme leo asubuhi kimechipua. Nimehesabu machipukizi saba."

Simba hakunguruma. Hakukuwa na haja. Aliinua kidole kimoja kuelekea mwambani, na Fisi akatangulia.

Mbegu za gugu maji huzama kwenye tope na kulala humo miaka na miaka, nyingine kumi na tano, zikisubiri mwanga. Siku ile zilichipua saba, wiki iliyofuata kumi na tisa, baadaye Fisi akaacha kuuliza ni ngapi. Kila siku anainama kisimani akivuta kwa meno, na Simba amesimama nyuma yake, anangoja kuona sharubu zake.

Siku moja Sungura alipita njia hiyo. Fisi aliinua pua yenye tope.

"Ndugu yangu," alisema, "wewe umesoma. Niambie ukweli. Kazi hii itaisha lini?"

Sungura alijua jibu mpaka nukta. Alisimama, akafikiri kwa heshima.

"Swali zito," alisema. "Kamuulize Mtaalamu wa Maji."